Rikodini na darasa, si onyesho tu

Bwana Mhariri,

Asalaam alaykum. Naomba nafasi kwenye ukurasa wenu wa barua nimjibu yule ndugu yetu aliyeandika juzijuzi kwamba vijana wa Unguja siku hizi hawana haja tena ya mwalimu wa ala maana kila kitu kipo YouTube, unaweka simu mbele ya kibodi, unaangalia vidole vya mtu, unafuatisha, bas ushakuwa fundi, na akamalizia kwa kutoa mfano wa Wazungu na piano zao, ati muziki wao umedumu kwa sababu wana rikodi. Hapo kwenye piano ndo aliponichokoza. Mfano huo mie naujua kidogo, na kwa ninavyoujua unamgeukia mwenyewe.

Mie ni fundi redio hapa Mkunazini. Siku hizi kazi zaidi ni simu, ila watu wa mjini wanajua ndiye ninayehamisha kaseti na santuri za zamani kuzitia kwenye fleshi. Sasa nyumba moja ya Wagoa kule Vuga waliniletea sanduku la santuri za marehemu mzee wao, zile nzito za kupiga na sindano ya chuma, wakanambia fundi zitoe zote hizi tumpelekee ndugu yetu yuko Kanada. Nikatarajia dansi na waltzi za harusi. Kumbe nusu ya sanduku ni piano tupu, mtu na piano lake, hakuna muimbaji wala ngoma, upande wa santuri unakwisha dakika nne hivi, unageuza, anaendelea palepale alipokatishwa. Mwanzo niliona kazi ya kuchosha. Mwisho wake nikawa nafunga duka natia kufuli kwa ndani nasikiliza, mpaka mke wangu akawa anapiga simu kuuliza uko wapi wewe.

Kitu cha kwanza kilichonishika ni nembo. Yule mbwa anayesikiliza gramafoni, His Master's Voice, ndo kampuni ileile iliyomrikodi muimbaji wetu wa taarabu Siti binti Saad na wenziwe kule Bombay mwaka 1928. Miaka minne tu baadae, 1932, kampuni hiyohiyo ikamkalisha studio London mpiga piano mmoja anaitwa Artur Schnabel, na mpaka kufika 1935 wakawa washarikodi sonata zote 32 za Beethoven, yaani tungo ndefu za piano za yule mtunzi wa Kijerumani, na alikuwa mtu wa kwanza duniani kuzimaliza zote kwenye santuri. Na huyu Schnabel alikuwa hataki rikodi hata kuzisikia, walimbembeleza miaka ndo akakubali. Na zilikuwa zinauzwa kwa kujiandikisha, unalipa kwanza ndo unaletewa.

Studio za wakati huo haya mambo ya kukata na kuunga yalikuwa hayapo. Ukikosea dakika ya tatu una mawili, uanze upande mzima upya au uliache kosa liende. Schnabel makosa yake yapo kibao, ile sonata kubwa wanayoiita Hammerklavier kaipiga kwa kasi ambayo Beethoven mwenyewe kaiandika kwenye karatasi, kasi ambayo wengi wanaikwepa, na vidole vinateleza waziwazi unasikia. Watu wanaijua hiyo leo miaka karibu 90 imepita na bado wanainunua. Sasa kijana wa kufuatisha vidole tu akifuatisha ile, atafuatisha na makosa, maana nani wa kumwambia hapa mzee kateleza, hapa kakusudia?

Nikaanza kuulizauliza na kusoma, huyu Schnabel kafunzwa na nani. Mwalimu wake anaitwa Theodor Leschetizky, alikuwa Vienna, Schnabel kapelekwa kwake bado mtoto. Leschetizky nae mwalimu wake Carl Czerny. Na Czerny, jamani, mwalimu wake ni Beethoven mwenyewe. Beethoven kafa 1827, wakati huo hata Edison hajazaliwa, na mashine yake, ya kwanza kurikodi sauti na kuitoa tena, ni 1877. Kwa hiyo kutoka Beethoven mpaka kwenye santuri niliyoishika mkononi hapa Mkunazini kuna watu wawili tu katikati, na wote wawili walikaa na mwanafunzi ubavuni wakamwambia hapana, rudia. Rikodi imekuja mwishoni kabisa mwa mnyororo. Ungeondoa wale walimu wawili, ile kampuni ya mbwa ingemkuta nani wa kumrikodi?

Franz Liszt ndo mfano mzuri zaidi. Huyu wanasema hakuna aliyempita kwa piano karne ile, kafa 1886, mashine ya Edison ishatimiza miaka tisa, na hakuna rikodi yake hata moja iliyobaki. Hakuna. Lakini alikuwa na tabia ya kufunza kwa darasa la wazi kule Weimar, Ujerumani, wanafunzi wanakaa wengi chumbani, mmoja anapiga wenziwe wanasikiliza anavyosahihishwa, na wale vijana wa Weimar, akina Emil von Sauer, Moriz Rosenthal, Frederic Lamond, waliishi mpaka zama za santuri wakarikodiwa wakiwa wazee. Chopin, mtunzi wa piano, vilevile, kafa 1849, ila mwanafunzi wake Mikuli akamfunza Koczalski, na Koczalski yupo kwenye santuri. Na Brahms, mtunzi mwengine, ambae aliwahiwa kurikodiwa, 1889, yeye mwenyewe anapiga, ile rikodi kwa masikio yangu ya fundi naweza kusema ni kama kusikiliza mtu anakaanga samaki, piano iko nyuma huko mbali. Ukitaka kujua Brahms alipigaje bora uwasikilize waliokaa nae kuliko lile silinda la rikodi.

Ndugu yetu atasema aaa, basi hao wanafunzi wanakariri tu walichoambiwa, ni kopi, afadhali uone asili. Hapana. Leschetizky huyohuyo kamfunza Schnabel, kamfunza Ignaz Friedman, kamfunza Paderewski yule aliyekuja kuwa waziri mkuu wa Poland 1919, kamfunza Moiseiwitsch. Zisikilize rikodi zao, mtu hawezi kuamini wametoka mlango mmoja. Friedman ukimsikia kwenye mazurka za Chopin, tungo za mdundo wa ngoma ya Kipoland, ana mdundo wake wa pekee kama wa mcheza ngoma anaechelewesha mguu makusudi, Schnabel nae hana mapambo, kanyooka, anakwenda. Mwalimu mzuri hatoi kopi. Anaetoa kopi ni yule wa kuweka simu mbele ya kibodi, na mie wateja wangu nawaona, vijana watano wa bendi tano tofauti, wote wana kosa lilelile mahala palepale, maana wamelitoa kwenye klipu moja.

Halafu kuna Leon Fleisher, huyu ndo kanimaliza kabisa. Mpiga piano wa Kimarekani, kapelekwa kwa Schnabel ana miaka tisa, kakua, 1952 akashinda mashindano makubwa ya Brussels, Mmarekani wa kwanza kuyashinda. Mwaka 1964 mkono wa kulia ukamgomea. Vidole viwili vya mwisho vinajikunja wenyewe ndani ya kiganja, haviumi, ila havitii, maradhi ya mishipa ya fahamu. Mtu ana miaka thelathini na kitu, yuko juu kabisa. Alibaki anapiga zile kazi zilizoandikwa kwa mkono wa kushoto peke yake, akaongoza okestra, na akafunza, Baltimore kwenye chuo cha Peabody, miongo na miongo. Sasa fikiria mwalimu wa piano asiyeweza kukuonesha kwa mkono wa kulia. Itabidi aseme. Itabidi atafute maneno ya kumueleza kijana sauti gani anaitaka, uzito uanzie begani au kwenye kiwiko, sentensi ya muziki inakwenda wapi na inapumua wapi. Na wanafunzi waliotoka kwake ni majina, akina André Watts, Yefim Bronfman. Baadae sana, miaka ya 1990, matibabu yakamrudishia mkono kiasi, 2004 akatoa albamu ya mikono miwili, akafariki 2020. Kama ufundi ungekuwa ni kuangalia vidole tu, Fleisher asingemfunza mtu hata mmoja.

Na kwa kuwa ndugu yetu anapenda intaneti nimpe na hii. Mmoja wa wanafunzi wa Fleisher ni Jonathan Biss. Huyu nae kazirikodi sonata zote 32 za Beethoven, na mwaka 2013 akaanza kufunza darasa la sonata hizo kwenye intaneti, mtu yeyote duniani anajiandikisha anaingia. Kwa hiyo mie sisemi intaneti mbaya, itakuwaje mbaya wakati nusu ya hayo niliyoyaandika nimeyasoma humo humo kwa bando la usiku. Nasema muangalie alichokiweka. Hakusema rikodi zangu hizo hapo fuatisheni. Kakaa akaeleza, hapa Beethoven kafanya hivi kwa sababu hii, sikilizeni tena. Darasa! Mnyororo uleule wa Czerny umefika kwenye simu lakini umefika ukiwa bado ni darasa.

Wengine waliliona hilo zamani. Alfred Cortot wa Paris, yeye na wenzake walianzisha skuli yao ya muziki, École Normale, mwaka 1919, na uzeeni miaka ya 1950 madarasa yake yalirikodiwa, yeye anaongea, anapiga kipande, anasimamisha, anaongea tena. Zimekuja kutolewa kwenye CD 2005. Mzee vidole vishachoka, noti anazikosa, lakini kwenye hizo rikodi unapata kitu ambacho rikodi zake safi za ujanani hazina, unajua kwa nini.

Sasa turudi kwetu maana najua kuna watu wanasema huyu fundi anatupigia stori za Vienna hapa. (Tena piano lenyewe kwetu mgeni asiyezoea hewa, lina nyuzi kiasi cha 230, upepo wa bahari unazila kutu, mbao zinavimba masika zinasinyaa kaskazi, na fundi wa kulitia sauti umpate wapi. Freddie Mercury tunaemuuza kwa watalii kila kona kazaliwa hapa kweli lakini piano kajifunzia India.)

Kuna kaseti moja ilinipitia mikononi. Ilikuja na nyengine nyingi, ina ukungu mweupe pembeni ya mkanda, nikaifungua, nikauhamishia mkanda kwenye ganda jipya, nikausafisha taratibu, nikaitia. Upande A ni taarabu ya ukumbini, watu wanapiga vigelegele, wanatunza, nzuri, ila za aina hiyo ninazo tele. Upande B mtu kaacha deki inarikodi nyumbani. Mzee anamfunza kijana qanuni, ile ala ya nyuzi nyingi ya kulazwa mapajani. Unasikia kijana anaanza bashrafu, kipande cha ala tupu bila muimbaji, anafika mahala, mzee anagonga kidogo kwenye ubao wa qanuni kwa kidole, ta ta, kijana ananyamaza. Mzee anamwambia, "Hiyo umeipandisha mno mwanangu, hiyo bayati, si ya kinanda. Ishushe. Bado. Aaa, hapo." Na kabla ya kusema "hapo" ile sauti unaisikia inashuka kidogokidogo mpaka inakaa. Bayati ni maqamu, mpangilio wa sauti wa Kiarabu, na ile robo ya sauti yake haimo kwenye kibodi ya kawaida mpaka uitengeneze, na hata kwenye rikodi ya onyesho inapita haraka huwezi kuikamata. Pale mzee kaikamata akaishikilia. Halafu anamwambia mkono wa kushoto usiufuate wa kulia kama kivuli, uchelewe. Kijana anarudia. Adhana ya alasiri inaadhiniwa, mzee anasema tusimame, na hapo mtu kaizima deki.

Kama robo saa hivi. Mie nimehamisha kaseti za taarabu miaka mingi na sijapata nyengine iliyonifunza kama hiyo, na mie si mpigaji, ni msikilizaji tu. Yule mzee hayupo tena. Aliyeniletea kaseti ile kanambia nyumbani kwao kulikuwa na kaseti nyengine mbili za namna ile, watoto wakarikodia miziki yao juu yake. Siwalaumu, nani aliwaambia kwamba mzee kumgombeza kijana ni kitu cha kuweka.

Hapo ndo nataka kufika Bwana Mhariri. Sisi kwa maonyesho hatujambo. Tangu santuri za Siti za 1928, redio imerikodi, wageni wamekuja na mashine zao wamerikodi, vilabu vya taarabu navyo, Nadi Ikhwan Safaa ipo tangu 1905 na Culture Musical Club nao wametoa albamu, tamasha la Sauti za Busara kila mwaka kamera zimejaa Ngome Kongwe. Bi Kidude mpaka anatutoka Aprili 2013 sidhani kama kuna mzee wa Afrika Mashariki aliyepigwa picha kama yeye. Lakini yote hayo ni jukwaani. Darasa liko wapi? Kiko wapi kipande cha mzee wa udi anaeleza risha ya kupigia ishikwe vipi, kwa nini anaibana kamba pale na si hapa, alifunzwa na nani na huyo nae na nani? Qanuni yenyewe imefika Unguja kwa mtu kupelekwa kusoma, Seyyid Barghash alimpeleka Mohamed bin Ibrahim Misri akajifunze, akarudi akafunza. Alivyofunza hatunayo.

Pale chuo cha muziki cha DCMA, tangu kianzishwe 2002, walimu wazee wamekaa na vijana, hilo nalishukuru sana. Ombi langu kwao na kwa vilabu vyote, na Pemba pia maana wazee wa Chake na Wete wanasahauliwa kila siku: mwalimu akiwa anafunza, simu iwepo inarikodi. Simu tu. Msingoje mfadhili, msingoje studio, msimvalishe mzee kanzu mpya mkamuweka mbele ya taa akaanza kuongea kama yuko kwenye taarifa ya habari. Muacheni akae kwenye busati lake na mwanafunzi wake, akosoe, agombe, anywe kahawa. Na mtoto akikosea msikate, kosa ndo linamfanya mwalimu aseme.

Na msiseme mzee kachoka hafai tena. Rosina Lhévinne, mpiga piano wa New York, alikuwa mwalimu tu kwa watu wengi, jina lake walilijua kwa ajili ya mwanafunzi wake Van Cliburn aliyekwenda kushinda mashindano ya Tchaikovsky Moscow 1958 Warusi wenyewe wamekaa wanatazama. Bibi huyo Januari 1963, ana miaka 82, akapanda jukwaani na okestra ya New York Philharmonic akapiga konseto ya Chopin. Kwetu mtu akifika 70 tushamwambia apumzike.

Ndugu yetu aliyeandika ile barua namwambia kwa heshima, ile YouTube yako naitaka iendelee, ila itiwe madarasa, tena ya Kiswahili, ya bashrafu na maqamu kama bayati na rasti, si klipu za harusi tu. Ukiwa na muda pita dukani nikusikilizishe upande B, familia ya mzee wameniruhusu kumsikilizisha mtu dukani ila si kuitoa.

Na wasomaji wenye kaseti za wazee majumbani, tafadhalini, hasa mkisikia ndani mtu anaongea katikati ya muziki, hizo ndo za kwanza kuleta. Mkiona ukungu mweupe kwenye mkanda msizitie kwenye deki, mkanda unanata na kukatika na ule ukungu unahamia kwenye kichwa cha deki unaingia na kaseti nyengine. Msizifute kwa maji wala msizianike juani. Vunjeni vile vijimeno viwili vya juu ili asije mtu akarikodi juu yake, ziwekeni mahala pakavu mbali na spika maana spika ina sumaku, halafu mje nazo pamoja na fleshi yenu. Za darasa sitozi pesa.

Fundi redio,
Mkunazini, Unguja